Mrejesho: Nyumba ya bei nafuu Kisumu kwa mpiga gitaa

Ndugu zangu, ni mimi niliyeuliza mtaa gani wa Kisumu unamfaa mpiga gitaa anayehama kutoka Kakamega, kodi isizidi 7,000.

Asanteni sana. Wengi mlisema Kondele kwa kuwa kazi za usiku ziko karibu. Nilikaa kwa rafiki huko wiki mbili, kelele zilinishinda. Nikamsikiliza dada aliyetaja Mamboleo, barabara hiyo hiyo ya Kakamega, mbele kidogo. Nimepata bedsita (nyumba ya chumba kimoja) ya 6,000, na nikitoka kazini usiku bodaboda ninayemjua hunirudisha.

Ushauri ulionifaa zaidi ni wa kumwona mwenye nyumba nikiwa na gitaa mkononi, kabla ya kulipa dipoziti. Tulikubaliana nipige mpaka saa mbili usiku.

Trei za mayai nilizobandika ukutani ili kuzuia sauti isitoke nje hazikusaidia. Mwangwi chumbani ulipungua, lakini besi, ile sauti nzito, ilipenya vilevile, na jirani mwenye mtoto mchanga akalalamika. Alikuwa na haki kabisa. Ampu, yaani kikuza sauti cha gitaa, sasa iko kwenye ukumbi wa kanisa fulani, tunakofanyia mazoezi Jumamosi na kuchangia pesa za stima. Nyumbani napiga gitaa kavu tu, bila ampu.