Mzazi kanywa maji kwenye bika la maabara mbele ya kidato cha pili, halafu mkorofi niwe mimi!

Wakuu, mikono inatetemeka. Nimetoka maabara sasa hivi, hata koti sijavua. Sitamtaja. Watu wa Uyole mnamjua, yule baba wa Noah nyeupe ambaye kila kikao cha wazazi lazima ashike maiki, na akiishika kuku wanalala bado hajamaliza salamu.

KANYWA KWENYE BIKA. Kile chombo cha kioo cha kuchanganyia kemikali!

Jana nilikusanya madaftari ya kemia. Swali moja tu: kwa nini tunamimina asidi kwenye maji na siyo maji kwenye asidi? Nilitoa kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka. Kwa kijana wake jibu limekuja kwa Kiswahili cha ofisini, mwandiko umelala kama wa hati ya kiwanja: "Huo ndio utaratibu uliowekwa." Chini sahihi. Ulibaki muhuri. Nikampa sifuri, nikaandika kwa wino mwekundu: kazi afanye mwanafunzi.

Mtoto angekaa nalo dakika tano angelipata. Asidi kali ikikutana na maji inatoa joto jingi. Ukimwagia maji kidogo juu yake, yanachemka palepale na kukurukia usoni pamoja na asidi. Asiyelielewa hilo kwa kichwa chake mwenyewe, siku nikigeuka kuandika ubaoni anapofuka. Ndiyo maana natoa homuweki. Simkomoi mtu!

Leo saa nne nina watoto 52 na bika 9. Mtu kaingia bila hodi. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, naomba unisubiri nje, humu kuna kemikali." Akacheka. "Kemikali gani? Si mnaosha vikombe tu humu!" Akachukua bika kando ya sinki, akakinga bomba, akainua, AKANYWA. Koo linapanda na kushuka, watoto wanahesabu mafunda. Matatu. Akajifuta mdomo kwa tai: "Mmeona? Sijafa."

Bika lile dakika kumi kabla lilikuwa na mrututu! Huu huu wanaochanganya na chokaa kupulizia nyanya. Lilisuuzwa mara moja na mtoto mwenye haraka zake, nimeliinua dirishani bado lina ubluu kwa mbali kwenye ukingo.

Tangu Januari naimba wimbo mmoja: humu hatuli, hatunywi, hatuonji, pipeti hainyonywi kwa mdomo, mwalimu hayupo hamuingii. Yote kayameza kwa mafunda matatu. Kipindi hakijaisha nikamkuta binti anaonja chumvi ya jaribio kwa ncha ya ulimi. Namuuliza, ananiambia, "Mwalimu, mbona yule baba amekunywa?"

Na kesho naitwa ofisini eti nimemjibu mzazi vibaya. Nilimwambia aweke bika chini! KANYWA KWENYE BIKA, jamani!

Mkinga wa Dukani: Namjua huyo. Kwangu anaonja sukari mpaka robo inaisha, halafu anasema atapita kesho. Usishangae bika.

Msafwa Halisi: Yaani mwalimu mzima umesimama unaangalia mafunda matatu? Ungempokonya la kwanza. Mna midomo tu.

Mleta uzi: Nilikuwa nimeshika bureti! Ikivunjika nalipa mimi!

Kijana wa Kyela: Ugonile mwalimu. Bika 9 unalalamika? Sisi tulichorewa ubaoni. La kweli nimeliona siku ya mtihani wa vitendo kidato cha nne, nikaanza kuuliza linashikwa wapi.

Mama Parachichi: Na hizo maabara tulichangishwa enzi za Kikwete, asiyetoa mtendaji anabeba kuku. Ya kwetu leo ni stoo ya mahindi. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Mhehe Mpole: Kamwene wadau. Huku Iringa na baridi hii mtoto anatoka nyumbani gizani, anarudi gizani, masomo tisa na kila mwalimu anaona la kwake ndilo somo. Mimi wa kwangu namwandikia. Nikamatwe.

Mleta uzi: Hivyo ndivyo mnavyowaharibu! Chumba cha mtihani utaingia naye?

Bodaboda Mwanjelwa: Mbona tuisheni za Jumamosi huzisemi mwalimu? Darasani sura inafundishwa nusu, nusu nyingine mpaka mtoto aje na buku.

Mleta uzi: Sifundishi tuisheni mimi! Turudi kwenye bika. Amekunywa mbele ya watoto 52.

Msafwa Halisi: Michango, tuisheni, bika, vyote cha mtoto. Kuna lumbesa ya viazi. Jana nimeona gunia limeshonewa kilemba mpaka limezidi urefu wa aliyelibeba.

Mama Parachichi: Si ilipigwa marufuku?

Bodaboda Mwanjelwa: Marufuku ya redioni hiyo. Njoo Uyole alfajiri ujionee.

Mleta uzi: Jamani, bika.

Kijana wa Kyela: Gunia leo wanatoa bei gani? Nina gari linapanda kesho.