Mrejesho: Momella tumekwenda, na ndege tumewaona

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama watu 11 kutoka Moshi wanaweza kwenda kuangalia ndege kwenye maziwa ya Momella, Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na kurudi siku hiyo hiyo, na kama darubini mbili zinatosha. Kurudi tulirudi. Darubini hazikutosha, tuligombania kama watoto.

Aliyeshauri tuondoke alfajiri, asante, ila Coaster ilichelewa saa nzima na dereva ndiye anajua alikuwa wapi.

Heroe (flamingo) walikuwepo. Nilidhani wanakula samaki, kumbe wanainamisha kichwa mpaka mdomo unageuka juu chini, wanachuja mwani kwenye yale maji ya magadi. Mwani huo huo ndio unaowapa rangi ya waridi. Lakini aliyeniteka mimi ni kibisi: kandege kadogo, ukikaona tu kanazama, unahangaika na darubini, kanaibukia kwingine kabisa. Shangazi aligoma kupanda gari mpaka akaone vizuri.

Mkuu uliyesema tubebe masweta, nilikucheka. Nisamehe.

Sasa tunafikiria bwawa la Nyumba ya Mungu. Anayemfahamu mwenye mtumbwi wa kuaminika aniambie.