Prosesa: Ryzen 5 5600 (ya AMD) au Core i5-12400F (ya Intel)? Mchana naediti harusi usiku nacheza gemu, nisaidieni kabla sijapigwa

MpigaPicha_Moro:
Wakuu habari za majukumu. Mimi nipo Morogoro, kazi yangu ni kushuti na kuediti video za harusi, sendofu na kicheni pati, usiku nikishamaliza nashika pedi kidogo, EA FC na GTA V, na siku hizi mdogo wangu kanifundisha Counter-Strike 2 basi ndo nimeharibika kabisa.

Kompyuta niliyonayo ni desktop ya mtumba zile za ofisini. Nilienda duka moja nikaambiwa "hii Core i7 boss, hakuna kitu itashindwa", nikalipa fasta nikijua nimewawahi wenzangu, kumbe ni i7-3770 ya mwaka 2012, kori 4 (vile viini vya kazi ndani ya prosesa), RAM za DDR3, hata Windows 11 haiitaki. Sikatai, imenilisha. Ila tangu mwaka jana imekuwa kituko, naweka klipu kwenye taimulaini, bibi harusi anaingia ukumbini hatua moja anaganda, sauti ya MC inaendelea kama kawaida, ghafla bibi harusi huyo yuko meza kuu ameshakaa. Nikajua virusi, nikapiga Windows upya, wapi.

Sasa nimejichanga nataka nijenge mashine mpya. Kadi ya grafiki ninayo, RX 6600, nilimuokota nayo jamaa alikuwa anauza vitu vyake, imelala kwenye boksi maana kwenye hii desktop haiingii wala powa saplai yake haina waya wa kuichomekea. Monita ninayo ya 1080p hetzi 144. Prosesa ndo nimebaki na hizo mbili, zote kori 6 thredi 12, zote zinapanda mpaka 4.4GHz, zote zimeandikwa 65W, na bei nilizopewa hazipishani hata elfu 40. Shemeji yangu yupo Muscat anarudi mwezi ujao kasema prosesa atanibebea maana ni kitu kidogo, vingine nitachukua Kariakoo.

Nichukue ipi?

Kiboko_Red:
Ryzen. Funga uzi.

mzee_wa_soketi:
Huyo hapo juu msimsikilize, kila uzi jibu lake ni hilo hilo hata mtu akiuliza friji.

Mkuu kwa gemu hizo mbili ni kama pacha. Ukiwa na RX 6600 kwenye 1080p kadi ndo itachoka kwanza kabla ya prosesa kwenye gemu nyingi, kwa hiyo GTA V na EA FC hutaona tofauti labda uweke kipimo pembeni ukodolee macho namba. CS2 ndo gemu inayokula prosesa, na hapo pia wanapishana kidogo sana, leo huyu kesho yule kutegemea na RAM uliyoweka. Kwenye kazi i5 ina kanguvu kidogo zaidi, kwenye kipimo cha Cinebench R23 kori zote inazunguka kwenye 12,000 wakati Ryzen iko kwenye 11,000 na kitu. Sio tofauti ya kumfanya mtu akose usingizi.

Ninachotaka uwe makini nacho ni hiki. Watu wanaenda kununua 5600 wanarudi na 5500 au 5600G kwa sababu muuzaji kamwambia "ni zile zile tu". SIO zile zile. 5600 ina kache ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) 32MB, hizo nyingine mbili zina 16MB, na zinaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia ya data kati ya kadi na prosesa. Sasa RX 6600 yako imetengenezwa kwa njia 8 tu badala ya 16, ukiichomeka kwenye PCIe 3.0 umeibana tena nusu, kuna gemu fremu (picha kwa sekunde) zitashuka.

Babu_Kidevu:
Fremu zishuke mara ngapi, mimi namlipa mwenye fremu wangu hapa Kariakoo na kila mwaka inapanda tu

mzee_wa_soketi:
😂😂 babu hizo za kwako hata uweke kadi ya milioni 5 hazishuki

Rehema_Montaji:
Jamani mbona mnakimbilia gemu wakati kaka kasema kazi yake ni harusi. Kaka naomba unijibu kitu kimoja kabla hujanunua chochote. Unashuti na kamera gani, na hilo tatizo la kuganda lilianza ulipobadilisha kamera?

MpigaPicha_Moro:
Dada umejuaje?? Nilikuwa na Canon 80D, mwaka jana ndo nikavuta Sony A7 IV. Nashuti 4K, kwenye menyu imeandikwa XAVC HS, 4:2:2 biti 10. Rafiki yangu ndo alinisetia akaniambia hapo rangi zinakuwa kali kwenye kuzikolesha.

Rehema_Montaji:
Nimejua kwa sababu yamenikuta. Mwezi mzima nilikuwa namlaumu mtoto kwamba kajaza magemu kwenye mashine yangu.

Iko hivi. Ile Canon ilikuwa inakupa video ya 1080p ya H.264 (namna ya kubana video) biti 8, hiyo kompyuta yoyote inaifungua ikiwa imelala. Hiyo Sony uliyosetiwa inatoa H.265, 4:2:2, biti 10. Rafiki yako hakukudanganya, kwenye 4:2:0 nukta nne za picha zinagawana rangi moja, kwenye 4:2:2 zinagawana mbili mbili, ndo maana ngozi na ile shela nyeupe vinakolezwa vizuri bila kuchafuka. Lakini kufungua hiyo video ni kazi ya punda. RX 6600 yako haina sehemu ya kuifungua hiyo 4:2:2. Hata kadi za Nvidia hazikuwa nayo mpaka zilipokuja hizi za RTX 50 mwaka 2025. Kwa hiyo mzigo wote unaangukia kori za prosesa, na hapo ndo bibi harusi anaganda.

Sasa Intel kuanzia kizazi cha 11 waliweka hicho kifunguzi ndani ya grafiki ya prosesa yenyewe, wanaiita Quick Sync. Ila IPO KWENYE GRAFIKI YA NDANI. Hiyo 12400F unayoulizia, ile F maana yake grafiki ya ndani imezimwa. Hamna. Ryzen 5 5600 nayo haina grafiki ya ndani kabisa. Yaani kaka umeweka mezani prosesa mbili na zote mbili hazina kitu unachokihitaji.

Wewe chukua i5-12400 tupu, isiyo na F. Kila kitu kingine ni kile kile, kori zile zile, kache 18MB ile ile, ila ina UHD 730 ndani. Mimi ndo niliyo nayo. Naburuta mshale kwenye taimulaini ya harusi ya masaa 6 unaenda kama maji, wakati zamani nilikuwa nalala nimeacha mashine inatengeneza proksi (nakala nyepesi za video za kueditia), umeme ukikatika saa 8 usiku naanza upya.

mzee_wa_soketi:
Dada hapo umenifunga mdomo. Mimi hata kamera sikumuuliza.

Kiboko_Red:
Mnamtisha tu mwenzenu. Proksi ni bure na Ryzen inazitengeneza vizuri tu. Halafu hamjamwambia kuhusu kesho, ukiwa na AM4, soketi ya hiyo Ryzen, baadaye unachomoa 5600 unaweka 5700X3D yenye kache 96MB kwenye madabodi (ubao mama) hiyo hiyo, gemu zinapaa. Intel mnayomsukumia nani asiyejua vizazi vya 13 na 14 vilikuwa vinakufa? Mwaka 2024 dunia nzima ililia.

mzee_wa_soketi:
Kiboko leo umeandika zaidi ya neno moja, hongera. Kwa gemu hoja ya 5700X3D ni ya kweli na mtu wa gemu tupu ningemwambia hivyo hivyo. Ila kwenye hilo la kufa usichanganye mafaili. Lililosumbua ni vizazi vya 13 na 14, volteji ilikuwa inapanda kupita kiasi, Intel wakatoa marekebisho ya BIOS (programu ya ndani ya madabodi) kuanzia Agosti 2024 na wakaongeza miaka miwili ya waranti. Kizazi cha 12 hakikuhusika. Siku MpigaPicha akitaka kupanda kwenda kizazi cha 13 au 14 kwenye soketi hiyo hiyo ya LGA1700, ahakikishe ameapdeti BIOS kwanza basi.

Na proksi sio bure mkuu, zinakula muda na SSD. Mteja wa Jumamosi anataka klipu ya kuposti Jumapili asubuhi.

OmondiBuilds:
Mimi niko Nairobi, nilijenga ya 12400 mwaka jana so nitaongea ya madabodi na pawa. Bro usinunue madabodi ya H610 ya bei ya chini kabisa kama utaweza kuongeza kidogo ufike B660 au B760 ya DDR4. H610 ina nafasi mbili tu za RAM, na wewe na hiyo 4K yako utataka 32GB kesho kutwa. Nunua fimbo mbili za 8GB au mbili za 16GB, usinunue moja, ukiweka moja kumbukumbu inapita njia moja tu na hata hiyo grafiki ya ndani inakuwa mzee.

Pawa saplai sasa. Ukiona imeandikwa 600W na ukiinyanyua ni nyepesi kama boksi la viatu bila viatu, irudishe polepole kwenye rafu useme asante. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, ilipiga paa! siku stima imerudi ghafla, ikaenda na hadi diski. RX 6600 inakula kama 132W, i5 ikikazana inafika 117W, kwa hiyo 550W ya kweli inakutosha na inabaki. Ongeza UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), hata ndogo.

Mswahili_wa_Muscat:
Asalaam alaykum. Mie nipo Muscat, naona shemejiyo yupo huku. Mwambie akifika dukani asisome boksi tu, aombe aione prosesa yenyewe, juu ya ile bati imeandikwa, i5-12400 kisha basi, pasiwe na herufi nyengine mbele. Na kwa kubeba hiyo Intel ni salama zaidi, chini ni bapa, vijipini viko kwenye madabodi. Hizo Ryzen za AM4 vijipini viko chini ya prosesa yenyewe, mie nilipeleka moja Unguja ndani ya begi la nguo ikafika ina pini tatu zimelala kama mchele ulomwagika, nimezinyoosha kwa sindano ya cherehani huku nasoma dua.

MpigaPicha_Moro:
Wakuu nimesoma yote, nashukuru sana, hasa dada Rehema Mungu akubariki. Nimempa shemeji maelekezo, 12400 bila F.

Hapa sasa hivi kanitumia picha kutoka dukani anauliza "ndo hii?"

Ina F.

Ngoja nimpigie kabla hajalipa.

Babu_Kidevu:
😂😂😂😂 kimbia kijana

MpigaPicha_Moro:
Amebadilishiwa, kaongeza riali chache. Muuzaji alimwambia ni zile zile tu, mzee wa soketi ulisema.

MpigaPicha_Moro:
Narudi wakuu, imepita wiki ya tano. Mashine imesimama, B660, RAM 2x16, SSD ya 1TB, powa saplai nzito ukimtupia mwizi unamlaza. CS2 fremu zinapita 144 ya monita muda mwingi, EA FC ndo usiseme. Lakini dada Rehema, video bado inaganda ganda! Sio kama zamani ila ipo. Kwenye Task Manager naiona RX 6600 peke yake, hiyo UHD 730 siioni popote.

Rehema_Montaji:
Usiogope. Madabodi nyingi zikiona umechomeka kadi kubwa zinaizima ya ndani zenyewe. Zima mashine, ingia BIOS, tafuta kwenye mambo ya grafiki palipoandikwa iGPU Multi-Monitor, weka Enabled. Waya wa monita uache kwenye RX 6600 hapo hapo. Windows ikiwaka weka dereva ya Intel, halafu kwenye Premiere (programu ya kuediti) nenda Preferences, Media, hakikisha kwenye hardware accelerated decoding kule Intel imetikiwa, funga programu ufungue tena.

Na kwenye kamera baki na hiyo XAVC HS. Kuna ile XAVC S isiyo na H, ukichagua 4:2:2 pale inarekodi H.264 biti 10, hiyo Quick Sync ya kizazi chetu haiifungui. Herufi moja tu tena.

MpigaPicha_Moro:
DADAAA. Bibi harusi anatembea. Kaanzia mlangoni mpaka meza kuu hajaganda hata mara moja, nimemrudisha nyuma mara nne kumwangalia tu, hata mama kaja kuuliza nacheka nini. Kori zote 6 ziko chini ya asilimia 30.

Kiboko_Red:
Sawa. Kwa harusi nimekubali. Kwa gemu bado Ryzen.

OmondiBuilds:
UPS ulinunua?

MpigaPicha_Moro:
Mwisho wa mwezi mkuu, hela imekata.

Babu_Kidevu:
Kijana mjukuu wangu ana sendofu mwezi wa 12 hapa Dar, unachukuaje?

MpigaPicha_Moro:
Shikamoo babu. Njoo inboksi.