Naomba ushauri: defvar au nipitishe kama agumenti? (Emacs Lisp)

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wanaoijua Emacs Lisp, lugha ya programu ya edita ya Emacs. Nina faili la kupigia hesabu za bei, juu kabisa kuna setq inaweka kodi kuwa 18, halafu fankshoni piga-bei inaisoma hiyo kodi. Kwa bidhaa zisizo na kodi huwa nafungua let (inayoweka thamani ya muda), kodi inakuwa 0, ndani yake naita piga-bei, na ilikuwa inakubali fresh tu maana skopu ilikuwa dainamiki, yeyote anayeitwa humo ndani anaiona ile 0. Sasa nimeweka lexical-binding: t mstari wa kwanza (let ionekane tu kwa kilichoandikwa ndani yake) kwa sababu nataka lambda zangu, yaani fankshoni zisizo na jina, zishike variabo zake, basi piga-bei inapiga hesabu kwa 18 kama vile let haipo kabisa.

Najua nikitangaza kodi kwa defvar inarudi kuwa dainamiki, na kweli inakubali. Ila defvar yenye thamani ikishasomwa, let yoyote yenye jina kodi inakuwa dainamiki, hata kwenye mafaili mengine, na lambda iliyozaliwa ndani ya let hiyo ikiitwa baadaye inakuta 18. Wenzetu wa Common Lisp wanazungushia nyota, *kodi*, angalau unaiona kwa macho.

Nyie mnafanyaje, nibadili jina liwe duka-kodi ndo niweke defvar, au niachane na globo nipitishe kodi kama agumenti? Fankshoni zinazoitana ni nyingi, hapo ndo navunjika moyo.