Natumia kiti mwendo, nataka kuendesha gari mwenyewe: Toyota Harrier, Raum au Porte?

Dodoma_Makole
Habari wakuu. Niliumia uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda, kuanzia kiunoni kushuka sina nguvu wala sihisi kitu ila mikono iko fiti. Kuendesha najua, tatizo nimechoka kumsubiri mdogo wangu apate nafasi ndo niende kazini au kliniki. Nimejichanga nataka kuagiza gari otomatiki kutoka Japani halafu nifungiwe mfumo wa kuendeshea mikono. Moyo wangu uko kwa Harrier maana barabara ya kwetu mbovu, wife anasema Raum, jamaa wa yadi ananisukumia Porte. Kiti changu ni kile cha kukunja, kizito kidogo. Mwenye uzoefu anishauri kabla sijatuma hela.

MamaZai
Pole sana mkuu na hongera kwa kuamua. Mi pia ni wa kiti mwendo na naendesha, kwa hiyo nakwambia ya ndani kabisa: achana na injini kwanza, angalia mlango na urefu wa siti. Siti ya gari ikiwa usawa mmoja na kiti chako unateleza tu unaingia, ikiwa juu kama Harrier unajinyanyua kwa mabega kila siku kwenda na kurudi, na mabega ndo miguu yako sasa, yakiumia umebaki kitandani. Ya chini sana nayo kuingia rahisi kutoka ndo kilio.

Kwa hiyo kabla hujalipa nenda kwa mtu mwenye gari ya aina hiyo hiyo, uingie na kutoka mwenyewe mtu asikushike, halafu kiti ukipakie mwenyewe ukiwa umeshakaa kwenye usukani. Hapo ndo wengi tunakwama!! Kiti cha kukunja kizito hukivuti ukakipitisha juu ya mapaja, bora utafute chepesi ambacho magurudumu yanachomoka kwa kubonyeza, unarusha gurudumu moja moja siti ya nyuma na fremu unaiweka siti ya abiria. Porte ni nzuri ila ule mlango mkubwa wa kuteleza uko kushoto kwa abiria, upande wa dereva ni mlango wa kawaida, inakufaa zaidi kama kuna mtu wa kukupakilia.

Na jingine watu hawalisemi, siti za ngozi usichukue. Gari ikishinda juani siti na kile chuma cha mkanda vinaunguza na wewe huhisi, unakuja kugundua jioni ngozi imeshababuka na kidonda cha makalio kwa mtu wa uti wa mgongo kinachukua miezi. Siti ya kitambaa, mto wako wa kukalia uwe juu yake (pima urefu ukiwa na mto), na AC iwe nzima.

Fundi_Ilala
Nakazia kwa mama hapo juu. Angalia na handibreki, gari nyingi za Japani zenye gia kwenye usukani handibreki yake ni pedeli ya mguu, kwako hiyo shida. Mfumo wa mikono ni wenzo mmoja, unasukuma inashika breki, unavuta inaongeza mafuta gari inakimbia, mkono wa pili unabaki kwenye kirungu kinachofungwa kwenye usukani ili uuzungushe kwa mkono mmoja. Usikubali mtu achomelee pedeli, zinafungwa kwa klempu na bolti. Kama miguu yako huwa inakaza na kurukaruka yenyewe weka na bati la kuzuia isiingie kwenye pedeli. Na usizime injini gari ikitembea, breki inakuwa ngumu mno kwa mkono. Raum ya toleo la pili ina injini ya 1NZ, spea zake zimejaa kila kona.

Pwani_Kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu usiagize kabla ya kuulizia ushuru. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, jedwali la tano, inasamehe gari moja lililotengenezwa maalum kwa ajili ya mlemavu, na sheria hiyo ni yetu sote. Huku Kenya unaanzia baraza la walemavu, NCPWD, ndio uende KRA, mamlaka ya mapato, na gari lisizidi miaka 8. Huko kwenu nenda TRA na karatasi za daktari, upate barua MKONONI kwanza, gari likifika bandarini likikungoja wewe unalipia kulala kwake. Ukiagiza uliza pia zile Toyota za Welcab zinazotoka kiwandani kwa ajili ya walemavu, nyingine siti inazunguka inatoka nje, ila kagua picha vizuri maana mara nyingi siti hiyo ni ya abiria.

Dodoma_Makole
Asanteni sana aisee, Harrier nimeifuta. Mama Zai, jirani ana Raum, Jumamosi naenda kuijaribu na kiti changu. Fundi, wife naye ataendesha, ukifunga huo wenzo yeye atatumia miguu kama kawaida?

Fundi_Ilala
Ndiyo, pedeli zinabaki pale pale. Bati tu ndo alitoe kabla hajakaa, kwa hiyo mwambie anayekufungia aweke la kuchomoa.