Ringi kupinda ukitua: kosa la gurudumu au la anayetua?

Mpanda Vilima: Wakuu, salaam. Dogo wangu karuka tuta la udongo, halifiki hata kiunoni. Kutua tu, ringi ya mbele imekaa namba nane. Spoku hata moja haijakatika. Baiskeli ni ya gia, inchi 29, ya mtumba. Tatizo ringi, spoku, au dogo mwenyewe?

Spoku36: Dogo. Gurudumu linavumilia sana mzigo wa juu kwenda chini, ila ubavuni halina nguvu. Akitua usukani umekata upande, au baiskeli imelala kidogo, kishindo chote kinaingia ubavuni. Na 29 ni kubwa, ubavu wake unayumba kirahisi kuliko 26. Halafu mafundi wetu wa chini ya miembe wanakaza spoku kwa kubahatisha.

Fundi Mwembe: Kubahatisha? Mimi nagonga spoku kwa kucha nasikiliza. Inayolia "ting" iko sawa, inayosema "dup" imelegea. Watoto wangu wanasoma kwa kazi hiyo unayoita kubahatisha.

Spoku36: Sijakutaja, mkuu. Mlio unalinganisha spoku na spoku tu. Zote zinaweza kulia sawa na zote zimelegea.

Fundi Mwembe: Zikilegea zote, mlio unashuka wote. Sikio langu si pambo.

Dada Pedali: Jamani, swali lilikuwa la dogo. Watu wengi hawajui kwamba ukiwa juu ya baiskeli, spoku za chini ndizo zinazopungua mkazo. Ukitua kwa kishindo zikalegea kabisa, hata kufumba na kufumbua, ringi pale chini haina wa kuishika kushoto wala kulia. Inakunjika. Ndiyo maana hakuna iliyokatika.

Mzee wa Phoenix: Sisi baiskeli zilikuwa na spoku 32 mbele, 40 nyuma, ringi ya chuma. Gunia la mkaa, mke, na mtoto kwenye bomba. Hatukujua nane. Hivi vya kwenu ni vya kwendea kupiga picha.

Dada Pedali: Shikamoo mzee. Uliruka tuta na hilo gunia?

Mzee wa Phoenix: Marahaba. Barabara ya kwetu unaruka upende usipende.

Bonge la Mlimani: Ni upepo mdogo huo. Mjazie.

Dada Pedali: Upepo mdogo unabonyeza ukingo wa ringi na kutoboa tyubu. Hauleti nane. Unachanganya kesi mbili.

Bonge la Mlimani: Haya profesa. Basi akaze spoku zote mpaka mwisho, tumalize.

Spoku36: Usithubutu! Kila spoku inavuta ringi kuelekea katikati. Ukizidisha, ringi inakuwa imebanwa kiasi kwamba ikiguswa ubavuni kidogo inajirukia yenyewe kuwa nane. Na mkazo ukitofautiana, zile zilizolegea ndizo zinazokimbia kwanza. Ndiyo maana nasema hii si kazi ya kucha.

Fundi Mwembe: Umerudi tena kwenye kucha.

Mpanda Vilima: Kwa hiyo ninunue mpya dukani?

Bonge la Mlimani: Za bei rahisi dukani usiruke nazo. Mwili wa mlima, ringi ya sokoni. Nyingine kitabu chake chenyewe kinakataza kuruka.

Mzee wa Phoenix: Baiskeli ya mlima inayokatazwa kuruka! Si bora ile yangu? Mtumba wa Ulaya unashinda mpya ya makaratasi.

Bonge la Mlimani: Mtumba ulishachoka kwa mwenzako, mzee.

Mzee wa Phoenix: Kama wewe ulivyochoka na hilo tumbo.

Bonge la Mlimani: Tumbo limeingiaje hapa?

Fundi Mwembe: Spoku36, hujajibu. Ringi ngapi umenyoosha kwa mkono wako?

Spoku36: Mbili.

Fundi Mwembe: Na zilinyooka?