Tupeane uzoefu: pesa ya makazi ya muda baada ya maafa hukwama wapi?

Mratibu Makazi
Wakuu, habari za jioni. Kwenye uzi wa mafuriko kuna mtu kauliza inakuwaje watu wanafikisha mwaka wa pili kwenye mahema, wakati ahadi za wafadhili zilitangazwa mapema kabisa. Swali limenikaa. Walioshika bajeti za namna hii waweke mambo hapa: hatua, viasi, na pale pesa ilipogota.

Naanza na kimbunga Idai. Kiliingia Beira, Msumbiji, usiku wa tarehe 14 Machi 2019. Ndani ya wiki moja mfuko wa dharura wa Umoja wa Mataifa, CERF, ulitenga dola milioni 20 kwa Msumbiji, Malawi na Zimbabwe. Pesa ile ni ya kuokoa maisha tu na inatakiwa iishe ndani ya miezi sita: turubai, kamba, blanketi, ndoo. Mwisho wa Mei wafadhili wakakutana Beira kuchangia ujenzi mpya. Zilihitajika dola bilioni 3.2, zikaahidiwa bilioni 1.2, na ahadi kama hizo hufika polepole kwa mikataba na zabuni. Sasa ile miezi sita ikiisha, mpaka nyumba isimame, familia inakaa chini ya nini, na kwa fungu la nani? Hapo ndipo penye shimo.

Fundi Kenchi
Shimo hilo linaanza kuchimbwa siku mnapoagiza mahema. Hema la familia la kawaida lina sakafu ya mita za mraba 16 ukiacha vibaraza, linakusudiwa watu watano, na uhai wake ni kama mwaka mmoja. Jua na upepo vikilimaliza, hakuna unachohamishia kwenye nyumba. Pesa hiyo ungenunua bati na mbao, siku ya ujenzi familia inang'oa na kupaua tena.

Dada Ghala
Kaka, bati hilo utalifikishaje wiki ya kwanza barabara zikiwa zimekatika? Hema moja ni kama kilo 55, watu wawili wanalibeba mpaka kijijini. Mvua inanyesha usiku huohuo.

Fundi Kenchi
Wiki ya kwanza sibishani na wewe, ila wiki ya kwanza jibu ni turubai. Turubai mbili za mita 4 kwa 6, kamba ya mita 30, msumeno, nyundo, panga, jembe, koleo, misumari na waya wa kufungia. Hesabu yake: turubai moja ukiilaza juu ya mwamba, yaani mti wa juu wa paa, wenye kimo cha mita 1.5, kila upande unashuka mita 2, chini unapata upana wa mita 2.65 hivi kwa urefu wa mita 6. Ni kama mita za mraba 15.9. Kiwango cha Sphere, ule mwongozo wa kimataifa wa misaada ya dharura, ni mita za mraba 3.5 kwa mtu, kwa hiyo watu wanne wanaenea, wa tano anabanwa. Turubai ya pili inaziba ncha mbili, na kipande kinachobaki kinatandikwa chini. Kimo hicho ni cha kulala tu, mtu mzima hasimami, ndiyo maana hatua ya pili isichelewe.

Dada Ghala
Na nguzo? Kwenye orodha yako hakuna hata mti mmoja. Watu wakiambiwa wajitafutie, msitu wa jirani unakwisha na ugomvi na wenyeji unaanza. Nguzo ziwe na fungu lake, na usafiri wake pia.

Fundi Kenchi
Kwenye nguzo umenishinda, ziingie.

Kaguzi
Mmenikumbusha Nepal. Naandika kwa urefu kwa sababu kule shimo hili lilionekana wazi kuliko mahali pengi.

Tetemeko la 7.8 lilikuja tarehe 25 Aprili 2015, likafuatiwa na la 7.3 tarehe 12 Mei. Masika ya kule huanza Juni. Serikali iligawa rupia 15,000 kwa familia kwa ajili ya kibanda cha muda, halafu 10,000 za baridi. Mamlaka ya ujenzi mpya ilikuja kuanza kazi Desemba, miezi minane baadaye. Katikati, kuanzia Septemba, mpaka wa India ukaziba, mafuta yakaadimika, na kupandisha lori la bati milimani kukawa ghali mno. Pesa iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya bati ikawa inaliwa na nauli.

Ruzuku ya nyumba ilianza kuwa rupia 200,000, ikapandishwa hadi 300,000, ambazo hazikufika dola 3,000. Ilitoka kwa awamu: 50,000 ukisaini mkataba, 150,000 msingi ukifika usawa wa jamvi, yaani sakafu ya chini, na mhandisi akiukubali, 100,000 kuta zikifika kwenye paa. Kwenye karatasi ni safi. Sasa fuata familia moja. Haina hati ya kiwanja, haisaini. Ikisaini, jina la kwenye mkataba linatofautiana herufi na la benki, pesa inarudi. Ikipata 50,000, mawe, saruji na vibarua vya msingi vinazidi kiasi hicho, na ya pili haitoki mpaka msingi uishe. Kwa hiyo inakopa kwa riba kijijini. Mhandisi anachelewa, familia inafukia msingi na kuendelea. Akifika haoni kilichomo chini, hasaini. Au anakuta ukuta wa mawe na udongo hauna mikanda ya mlalo ya kuufunga usibomoke, kwenye jamvi, chini ya madirisha na kwenye linta juu ya milango, wala mawe marefu ya kushona ukuta upande hadi upande. Anaagiza marekebisho ambayo hayana bajeti. Wengi wakaishia kujenga chumba kimoja ili wakidhi masharti, wakati familia inabaki kwenye kibanda cha bati pembeni.

Mjoli
Hii ya kufukia msingi ni kweli tupu.

Mama Mradi
Kaguzi, basi toeni yote kwa mkupuo mmoja, mambo yaishe.

Kaguzi
Hapana mama. Ukitoa yote, ada za shule na madeni ya nyuma vinachukua nusu, na nyumba inasimama bila mikanda. Tatizo ni ukubwa wa awamu ya kwanza. Ipigieni hesabu ya msingi kamili kwa bei ya siku hiyo, usafiri ndani yake. Pakistan baada ya tetemeko la Oktoba 2005 walitenga rupia 175,000: 25,000 za mwanzo kwa ajili ya hifadhi ya muda, kisha 75,000, 25,000 na 50,000. Kibanda kilikuwa na fungu lake, na msingi ukawa na lake.

Mama Mradi
Bado nasema mnawatesa watu kwa karatasi. Mjane ambaye hati ina jina la baba mkwe atasaini nini?

Kaguzi
Tamko mbele ya serikali ya kijiji, majirani wa mipaka yote wakasaini, nakala ikabandikwa ofisini kwa siku kadhaa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ila mfadhili akubali njia hiyo kwenye mkataba kabla pesa haijaingia, la sivyo mkaguzi wa hesabu ataikataa.

Jirani wa Pwani
Wapangaji mmewasahau. Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010 wengi waliokuwa kambini hawakuwa na kiwanja, huwezi kumjengea mtu kibanda hewani. Kilichowatoa ni ruzuku ya pango la nyumba: dola 500 za mwaka kwa mwenye nyumba, baada ya chumba kukaguliwa. Ilikuwa rahisi kuliko kibanda cha mita 18 za mraba, na pesa ilibaki mtaani.

Fundi Kenchi
Na mwaka ukiisha? Bati hubaki na mtu, pango haliachi kitu.

Jirani wa Pwani
Asiye na ardhi bati atalisimika wapi, mkuu?

Kijana Mpya
Naomba kuuliza, kama bajeti ni ya bati, ninunue geji gani? Bosi anataka 32 ili familia nyingi zipate.

Fundi Kenchi
Usikubali. Namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba; 32 ni nyembamba mno, upepo ukiitikisa inachanika kwenye kichwa cha msumari, na ukiing'oa haifai tena. Anzia 28. Msumari wenye kofia upigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni, na pembezoni mwa paa kila mgongo upate wake. Kenchi zifungwe kwenye nguzo kwa mkanda wa chuma. Andika hayo yote kwenye zabuni, pamoja na unene kwa milimita, halafu pima kwa kipimo mzigo ukifika ghalani kabla ya kusaini chochote.